Adui wa Sinema Naye Ana Kwao

Mwezi huu tumependa tuzungumze juu ya mtu ambaye wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake. Aliitwa Sojin Kamiyama. Alikuwa Mjapani, mhamiaji, mwigizaji wa sinema za zamani huko Marekani, zile sinema zilizokuwa hazina sauti. Hakuwa nyota. Alikuwa mmoja wa wale waigizaji ambao mtazamaji huikumbuka sura na kulisahau jina: leo ni mtumishi anayenyata gizani, kesho ni mtu wa ajabu anayejua siri za watu, keshokutwa ni mtawala katili mwenye vazi la hariri.

Pengine utauliza, mama msomaji, Mjapani wa sinema za zamani anatuhusu nini sisi wenye watoto wa kulea na vyungu motoni? Anatuhusu. Televisheni na video zimeingia majumbani mwetu, na humo watoto wetu wanajifunza nani ni mtu mwema na nani ni mtu mbaya. Mara nyingi hawajifunzi kwa maneno. Wanajifunza kwa sura. Maisha ya Bwana Sojin yanatuonyesha jinsi somo hilo linavyotengenezwa, na ni nani wanaolipia gharama yake.

MSOMI WA JUKWAANI

Sojin alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Sendai, kaskazini-mashariki mwa Japani. Siku hizo mchezo wa jukwaani uliopendwa sana nchini kwao ulikuwa ni ule wa jadi uitwao kabuki. Mwaka 1629 serikali ya Japani iliwakataza wanawake kupanda jukwaani, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 200, mke, binti na bibi kizee wote waliigizwa na wanaume.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wakatokea vijana waliotaka mchezo wa namna mpya, wenye maneno ya kawaida na mambo ya nyumba za kawaida, na wenye wanawake wanaoigiza wanawake. Sojin alikuwa mmoja wao. Mkewe, Uraji Yamakawa, naye alikuwa mmoja wao. Mwaka 1912 mume na mke hao walianzisha kikundi chao cha maigizo mjini Tokyo. Waliigiza Hedda Gabler, mchezo wa Henrik Ibsen wa Norway juu ya mwanamke aliyebanwa na ndoa yake, na Uraji ndiye aliyekuwa Hedda. Mwaka 1913 waliigiza Faust, mchezo mkubwa wa Mjerumani Goethe, uliotafsiriwa kwa Kijapani na mwandishi mashuhuri Mori Ogai.

Tumeyaeleza haya kwa makusudi. Tunataka ukumbuke, kila tutakapomtaja mtu huyu akiwa na upanga mkononi na sumu mfukoni, kwamba nyumbani kwake alikuwa mtu wa vitabu, kiongozi wa kikundi, mume aliyefanya kazi bega kwa bega na mkewe. Mwaka 1919 walifunga safari pamoja kwenda Marekani.

USO ULIOAJIRIWA

Katika sinema zisizo na sauti mwigizaji hakuhitaji kujua Kiingereza kizuri. Maneno machache yaliandikwa kwenye skrini, na yaliyobaki yote yalisemwa na uso, mikono na mwendo. Kwa mgeni aliyefika Marekani na lugha nyingine kinywani, huo ulikuwa mlango uliokuwa wazi. Sojin alikuwa na uso mwembamba, mifupa ya mashavu iliyojitokeza, na macho aliyoweza kuyatumia vizuri. Alikuwa amejifunza kazi yake kwa miaka mingi. Lakini waajiri hawakumwajiri kwa sababu ya Ibsen wala Goethe. Walitaka uso.

Mwaka 1924 ilitoka sinema iliyomfanya ajulikane, The Thief of Bagdad, yaani Mwizi wa Baghdad. Ilitokana na visa vya Alfu Lela Ulela, ambavyo wengi wetu tumevisoma au kusimuliwa. Gharama yake ilizidi dola milioni 1, fedha nyingi mno kwa siku zile. Shujaa wake, mwizi anayempenda binti wa Khalifa, alikuwa nyota Douglas Fairbanks. Wanakuja wachumba watatu wa kifalme kumposa binti huyo, na Sojin ni mmoja wao, mkuu wa Wamongolia.

Wachumba wanaambiwa waende wakatafute zawadi adimu kuliko zote duniani. Mkuu wa Wamongolia anapata tufaha la uchawi liponyalo. Kwanza analijaribu kwa mvuvi maskini: anaagiza mtu huyo atiwe sumu, kisha anamponya. Halafu anaagiza binti mwenyewe anyweshwe sumu, ili yeye aje kuwa mwokozi wake. Mwishowe anauteka mji wa Baghdad kwa askari aliokwisha kuwaingiza kwa siri. Sojin anayafanya yote hayo bila kupiga kelele. Anasimama wima, ametulia, anageuza macho pole pole, na mtazamaji anasisimka mwili. Huo ndio ufundi wake.

Hebu tuwatazame na wale waliomzunguka. Kijakazi anayempa binti ile sumu aliigizwa na Anna May Wong, msichana aliyezaliwa Los Angeles, mwenye asili ya Kichina. Mchumba wa pili aliigizwa na Mmarekani mweusi, Noble Johnson. Mchumba wa tatu, mkuu wa Uajemi, mnene wa kuchekesha, aliigizwa na mwanamke kutoka Ufaransa, Mathilde Comont, aliyebandikwa masharubu! Katika sinema kila kitu ni cha kuazima: mavazi, masharubu, hata uanaume. Mtu mzima anaelewa. Je, mtoto naye anaelewa?

MIEZI MIWILI BAADAYE

Sinema hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Machi 1924. Watu walijazana kumwona mkuu wa Wamongolia akishindwa. Tarehe 26 Mei mwaka huohuo, Rais Calvin Coolidge alitia sahihi sheria mpya ya uhamiaji iliyowafungia mlango Wajapani. Sisi tuna msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni aliambiwa asije kabisa.

Hatusemi kwamba sinema moja ndiyo iliyoleta sheria. Chuki hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Tangu mwaka 1905 sheria ya jimbo la California, ambako ndiko Hollywood iliko, ilikataza ndoa kati ya Wazungu na watu iliowaita "Wamongolia", na Wajapani walihesabiwa humo. Kwa hiyo Sojin alikuwa Mmongolia mara mbili, kwenye skrini kwa sababu ya mchezo, na barabarani kwa sababu ya sheria. Katazo hilo liliondolewa na mahakama mwaka 1948 tu. Sasa unaona kwa nini katika sinema zile mtu wa sura yake hakumwoa binti mfalme. Aliweza kumtamani, kumtia sumu na kumteka nyara. Kumwoa kwa heshima, hapana.

Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Mjapani mmoja, Takao Ozawa, aliyeomba uraia. Alikuwa ameishi huko miaka 20. Alikuwa amesoma huko. Familia yake ilizungumza Kiingereza nyumbani na kusali katika makanisa ya Kimarekani. Mahakama haikuona kasoro yoyote katika tabia yake. Ilisema tu kwamba yeye si Mzungu, na kwa hiyo hawezi kupewa uraia. Wajapani waliohamia huko walingoja mpaka sheria ya mwaka 1952 ndipo wakaruhusiwa kuuomba.

MCHINA, MMONGOLIA, MWAJEMI

Baada ya sinema hiyo Sojin alipata kazi tele. Mwaka 1926 pekee alionekana katika The Bat akiwa mtumishi wa nyumbani anayetiliwa shaka. Katika The Sea Beast, kisa cha wavua nyangumi, pamoja na John Barrymore. Na katika The Road to Mandalay pamoja na Lon Chaney, bingwa wa kugeuza sura. Mwaka 1927 alikuwa mkuu wa Uajemi katika The King of Kings, sinema ya Cecil B. DeMille juu ya maisha ya Yesu. Utaona kwamba hapo hatujataja Mjapani. Kwa wenye studio Mchina, Mmongolia na Mwajemi walikuwa kitu kimoja. Aliyetoka mbali alikuwa ametoka mbali, basi.

Mara moja alipata bahati ya kuwa upande wa wema. Mwandishi Earl Derr Biggers alikuwa ametunga vitabu juu ya mpelelezi Mchina wa Honolulu, Charlie Chan, mtu mpole, mwenye akili, baba wa watoto wengi. Mwaka 1927 studio ya Universal ilitoa The Chinese Parrot, na Sojin ndiye aliyekuwa Chan. Sinema hiyo imepotea. Hakuna nakala inayojulikana kuwapo leo. Kwa hiyo sura zake za uovu tunaweza kuzitazama hata sasa, lakini ile moja ya hekima haipo tena.

Kisha sikiliza kilichofuata. Katika sinema tatu za kwanza Chan aliigizwa na Waasia: Wajapani wawili, George Kuwa na Sojin, na mmoja mwenye asili ya Korea. Katika miaka ya 1930 Chan akawa shujaa mkuu, anayependwa na kuingiza fedha. Hapo kazi akapewa Warner Oland, mzaliwa wa Uswidi, aliyemwigiza katika sinema 16 kuanzia mwaka 1931. Ubaya ulipohitaji sura, Mwasia aliitwa. Wema ulipoanza kulipa, sura ilichorwa kwa vipodozi usoni mwa Mzungu.

UBAYA UNAPOHAMISHWA

Yuko Mjapani mwingine aliyekuwa nyota kamili huko, Sessue Hayakawa. Mkewe, Tsuru Aoki, alikuwa naye mwigizaji na alijulikana kwenye sinema kabla ya mumewe. Mwaka 1915 Hayakawa aliigiza katika The Cheat kama tajiri wa Kijapani anayemkopesha fedha mwanamke wa Kizungu, kisha anamchoma begani kwa chuma cha moto kama ng'ombe anavyotiwa alama. Wajapani wa Los Angeles walilalamika. Waliona watakavyotazamwa barabarani na madukani siku ya pili yake.

Sinema hiyo ilipotolewa tena mwaka 1918, tajiri yule alibadilishwa jina, ikasemwa kwamba ni mtu wa Burma. Sura ikabaki ileile, chuma kikabaki kilekile. Ubaya haukufutwa, ulihamishiwa kwa jirani asiyekuwa na wa kumsemea.

Mambo haya yana mwisho wake. Mwaka 1942, wakati wa vita kati ya Marekani na Japani, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa majumbani mwao na kufungiwa kambini. Walikuwamo wazee, kina mama na watoto wachanga. Karibu theluthi mbili yao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Hawakushitakiwa mmoja mmoja kwa kosa lolote. Mwaka 1988 serikali ya nchi hiyo iliomba radhi na kuahidi kumlipa kila aliyekuwa hai bado dola 20,000. Sinema haikujenga kambi zile. Lakini watu walioona tangu utoto wao kwamba sura ya namna fulani ni sura ya hila, hawakupata tabu kuamini hivyo siku walipoambiwa na wakubwa wao.

MWIMBAJI KIPOFU

Oktoba 1927 ilitoka The Jazz Singer, sinema iliyowafanya watu watake kuwasikia waigizaji wakisema. Kufikia mwaka 1929 sinema za sauti zilikuwa zimetawala. Mlango uliokuwa wazi kwa wageni ukaanza kufungwa, maana sasa uso peke yake haukutosha. Ilipokaribia mwaka 1930 Sojin alirudi kwao Japani. Huko aliendelea na kazi yake, akaigiza katika lugha yake mwenyewe.

Mwezi Aprili 1954 ilitoka sinema ya Akira Kurosawa iitwayo Seven Samurai, Samurai Saba, ambayo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa sinema bora kuliko zote. Mle ndani, katika sehemu ndogo sana, yumo mzee kipofu mwimbaji, mwenye ala ya nyuzi iitwayo biwa. Huyo ni Sojin, akiwa na miaka 70. Macho yaliyowatisha Wamarekani yamefumbwa. Hakuna anayemwogopa. Mwezi Julai mwaka huohuo alifariki dunia mjini Tokyo.

NA NYUMBANI KWETU?

Hatusemi, wapenzi wasomaji, kwamba hadithi isiwe na adui. Hadithi bila adui hainogi. Hata bibi zetu walitupa fisi mlafi na zimwi la kula watoto. Lakini fisi hana mtoto anayesoma darasa moja na mwanao. Adui akishavishwa sura ya watu walio hai, iwe ni kabila, taifa, rangi au umri fulani, wapo watakaoubeba uadui huo barabarani, na hawakuigiza wala hawakulipwa.

Wala tusidhani ni mambo ya Hollywood tu. Katika michezo yetu wenyewe mchawi ni nani? Aghalabu ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Na katika vijiji vya Mwanza na Shinyanga, huko Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo, ambayo wengi waliyapata kwa moshi wa jikoni, katika kupikia waume, watoto na wajukuu. Sisi tunaopika tunaujua moshi huo.

Basi tufanye nini? Kupiga marufuku televisheni si rahisi, na mtoto atakwenda kuitazama kwa jirani. Lakini yako mambo madogo tuwezayo.

Kwanza, tukae nao. Hata robo saa, na mchicha wa kuchambua mapajani. Mtoto anayetazama peke yake hana wa kumwuliza.

Pili, tumfundishe mtoto kumtenga mwigizaji na anayeigizwa. Mtu mbaya anapotokea, mwulize: huyu akivua vazi hilo jioni anakwenda wapi? Nani anamngoja? Mtoto mdogo atacheka. Lakini atakuwa amepata kujua kwamba nyuma ya sura ile yupo mtu mwenye mke, mwenye mama, mwenye kwao.

Tatu, tuhesabu. Kwa juma moja tu, watoto wakubwa waandike kwenye daftari: katika kila mchezo mwizi alikuwa nani, mjinga alikuwa nani, mtumishi alikuwa nani, na shujaa alikuwa nani. Mkiona watu wa namna moja wanarudi sehemu ileile kila siku, hapo mna mazungumzo ya kutosha mlo mzima wa jioni.

Nne, na hili ni letu sisi wazazi, tuchunge vinywa vyetu. Mtoto akitusikia tukisema juu ya watu wa mtaa wa pili, "Hao ndivyo walivyo," basi tumemwigizia sinema sisi wenyewe, tena yenye sauti. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sojin Kamiyama alikula jasho lake kwa halali, na kazi yake aliifanya vizuri kiasi kwamba baada ya miaka 100 watu bado wanamtazama. Waliomwajiri walitaka uso wake tu, na hilo hakuwa na uwezo wa kulibadili. Sisi tunao uwezo huo sebuleni mwetu. Mchezo ukiisha leo jioni na majina yakianza kupita kwenye kioo, usikimbilie kuzima. Tafuta jina la yule mbaya, ulisome kwa sauti, na watoto wasikie.